Anayetaka Kipimo Asimame

Yafesi alilisoma pendekezo lake mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyetaka kulisikia. Alikuwa karani wa chama cha wakulima pale Kasese, mtu mwembamba wa miwani na suruali iliyopigwa pasi, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya mashindano ya malori. Pendekezo lenyewe lilikuwa la mstari mmoja: kuanzia mashindano ya Februari 1958, hakuna timu itakayotumia zaidi ya shilingi mia nne kuliandaa lori lake.

Mashindano yale yalikuwa ya watu wa mizigo. Kila timu ilipakia magunia ishirini ya chumvi, yakapimwa Kasese, kisha lori likakimbizwa hadi Bwera, na huko chumvi ikapimwa tena. Kila ratili iliyopungua njiani iliongeza dakika moja kwenye muda wa lori. Mshindi alipewa kikombe na shilingi elfu moja, lakini watu hawakuuza mali zao kwa ajili ya kikombe. Walitaka jina. Aliyeshinda Bwera alipelekewa kahawa na pamba na chumvi za watu msimu mzima, na tangu reli ifike Kasese, mizigo ya malori ilikuwa imeanza kuadimika.

"Mwaka jana Erifazi aliuza ng'ombe mbili," Yafesi alisema huku amelishika daftari kwa mikono miwili. "Umaru aliuza cherehani ya bibi yake. Mwaka huu mtauza nini? Mimi nasema tuweke kipimo. Kila mtu atumie mia nne, basi. Ashinde dereva mwenye akili, asishinde mfuko."

Erifazi, mkulima wa Kinyamaseke aliyeendesha lori la pamba, aliitikia kwa kichwa. Umaru, mchuuzi wa ngozi, alikuna shingo. Kwenye kiti cha mbele Muniru alicheka. Huyu alikuwa na malori matatu, duka la bati na tumbo la kutosha, na ghala tulimokaa siku ile lilikuwa lake.

"Ssebo Yafesi," alisema, "pesa ni yangu. Nikitaka kunywesha gari yangu maziwa, nani ananikataza?"

Watu wakaangua kicheko. Blasio, mchuuzi wa kahawa wa Bwera ambaye nusu ya ukoo wake ulikuwa ng'ambo ya mpaka, alinyanyua kidole. "Miye iko mufanyabiashara. Kule Kongo mutu hapimiwi bei ya shati yake. Sasa beko wananipimia bei ya kamiyo yangu, juu ya nini?"

Timu zilikuwa tano, na kura tatu zingetosha. Erifazi alikuwa mmoja na Umaru alikuwa wa pili. Wa tatu alikuwa Zubairi wa Kabatoro, mwenye lori moja kuukuu la kubebea chumvi, mtu mwema na mchapa kazi, ambaye juzi yake alikuwa amemshika Yafesi mkono na kumwambia asiwe na wasiwasi, yeye atasimama. Hakusema vile kwa unafiki. Kipimo kile kilikuwa kimekatwa kama vile fundi cherehani angekata kanzu kwa kumpima yeye.

Kura zilipigwa kwa kusimama, milango ikiwa wazi, kama kawaida ya kamati ile. Nje walijaa madereva na wanawake wa chumvi na wanunuzi wa kahawa, maana hapo ndipo walipokuja kuwatazama wenye malori. Mwenye mzigo hakuuliza sana juu ya breki. Aliuliza jambo moja tu: lori likianguka mtoni, mtu huyu ana uwezo wa kunilipa?

Muniru alilijua hilo vizuri. Kabla Yafesi hajaitisha kura aligeuka akawatazama waliokaa nyuma yake. "Haya. Wale ambao pesa imewashinda, wasimame tuwaone."

Erifazi alisimama. Umaru naye alisimama, polepole, akiangalia viatu vyake. Zubairi alikuwa ameshaweka viganja magotini, tayari kuinuka, alipomwona dirishani mama mmoja wa Kinyamaseke aitwaye Enid. Kwa wiki tatu Zubairi alikuwa akimfuata ampe magunia yake arobaini ya kahawa ayasafirishe. Enid alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma huku anamtazama yeye tu, na Zubairi akarudisha mgongo kwenye kiti.

"Zubairi?" Yafesi aliuliza.

"Mimi niko sawa hapa." Angeweza kuishia hapo, kwani hakuna aliyemwomba hotuba. "Gari yangu haitaki kupimiwa. Mwenye kuogopa aogope."

Ghala zima lilimpigia makofi. Muniru alinyoosha mkono akampigapiga begani. Yafesi aliandika wawili wanataka, watatu hawataki, akafunika kichupa chake cha wino bila kumtazama mtu.

Baadaye watu walisema Muniru alimlazimisha. Si kweli. Mimi nilikuwa mlangoni na sikuona mtu aliyemziba mdomo wala kumshika miguu.

 

Hanifah, mkewe, alikuwa anaanika chumvi uani Zubairi alipofika Kabatoro baada ya sala ya alasiri. Miguu yake ilikuwa myeupe hadi magotini kwa magadi. Alikuwa na kidimbwi chake ziwani Katwe, mraba wa maji yasiyofika goti uliozungushiwa tuta la tope, alichoachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Kila kiangazi alikivuna mwenyewe. Lori lilipokosa mzigo, kidimbwi ndicho kilichonunua unga, na kingekuja kuwa cha Aminah, binti yao, siku atakapoolewa.

"Baba Aminah, kura imekuwaje?"

"Imeanguka."

Hanifah aliweka chini ubao wa kukwangulia chumvi. "Nani aliangusha? Ulisema mko watatu."

"Tulikuwa wawili."

"Wewe ulisimama?"

"Mama Aminah, wewe hukuwako pale. Enid alikuwa dirishani. Mtu akisimama mbele ya Enid na kusema pesa imemshinda, ile kahawa itaenda kwa nani?"

"Kwa hiyo hukusimama."

"Sikusimama."

Hanifah hakugomba. Alichukua tena ubao wake. "Sasa tutashindana na nini?" aliuliza, na Zubairi akaenda kunawa.

 

Swali lile lilimfuata. Katika hoteli ya chai karibu na stesheni ya Kasese lilikuwa linamsubiri kila asubuhi. Muniru alikuwa ameagiza injini mpya kwa gari moshi na kumtafuta dereva wa Kampala. Blasio alisemekana amenunua springi Kongo. Madereva wakageukia upande wa Zubairi, wengine kwa heshima ya kweli, maana walikuwa bado wanayakumbuka maneno yake ghalani.

"Na wewe mzee, umeagiza nini?"

Siku ya kwanza alitabasamu. Siku ya pili alisema wasubiri wataona. Siku ya tatu Enid mwenyewe alikuwa meza ya pili anakunywa chai, na Zubairi akajikuta anasema, kwa sauti ya kufika meza ya pili, "Tairi. Sita. Mpya zote."

"Eh, sita," dereva mmoja alisema kwa mshangao. "Kale, huyu ana nguvu."

Wiki ile ile Enid alimpa magunia kumi ya kujaribu. Zubairi aliyabeba kwa furaha ya mtu aliyeona njia, na hapo ndipo alipojipalia makaa, kwa sababu sasa ilibidi tairi zije.

Fundi wake alikuwa Kathembo, Mkonzo wa makamo asiyependa maneno mengi. Alifungua boneti, akachungulia, akafuta mikono kwa tambara.

"Tairi za zamani ziko na maisha bado," alisema. "Mahali inauma ni redieta. Inavuja hapa, inavuja hapa. Na hedi ya injini imechoka. Nipe mia tatu, natengeneza yote mbili."

"Redieta iko ndani. Nani ataiona?"

"Injini itaiona."

"Kathembo, nimeshasema tairi."

"Ulisema kwa nani?"

Zubairi alifunga boneti. Mia tatu ya Kathembo ingeingia ndani ya mia nne ya Yafesi na chenji ya kununua mbuzi ingebaki. Niliipiga hesabu hiyo mara nyingi baadaye, na naamini yeye aliipiga mara nyingi kuliko mimi. Lakini wakati ule alikwenda duka la tairi, akaambiwa mia mbili kila moja, pesa mkononi, na mwenye duka akarudi kwenye gazeti lake.

 

Yunia alikuwa na vidimbwi vinne ziwani, viwili kati ya hivyo vikipakana na cha Hanifah. Alikuwa mjane, Mkristo, mwenye sauti ndogo, na hakuwa mtu mbaya. Alipoombwa elfu moja na mia mbili hakushtuka. Alisema tu kwamba atatoa, na kwamba pesa irudi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, isiporudi kidimbwi ni chake.

Ziwani kuna utaratibu wake. Kidimbwi hakiwekwi rehani kwa karatasi. Katika pembe ya kila kidimbwi husimama mti wa mpaka, kama kigingi, na mwenyewe ndiye anayeung'oa kwa mkono wake mbele ya majirani na kumkabidhi anayemkopesha. Mume hawezi kuung'oa. Ndugu hawezi. Kwa hiyo Zubairi ilimbidi aombe, na aliomba siku nne.

"Nikishinda nalipa Yunia siku hiyo hiyo," alisema. "Mizigo ikianza kuja, nakununulia dimbwi ya pili. Utakuwa na mbili."

"Sijakuomba mbili," Hanifah alisema.

"Watu wote wanajua nimeagiza. Nisipoleta, watasema nini?"

"Watasema huna pesa. Si ni kweli?"

Zubairi aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanamume mkubwa wa mabega mapana, na Hanifah alikuwa amemzoea akicheka. Siku nne hakuwa amecheka. Hakula vizuri, na Aminah alianza kutembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole. Siku ya nne asubuhi Hanifah alifunga kitenge chake, akasema, "Twende kwa Yunia kabla jua halijawa kali sana."

Hanifah na Yunia waliingia majini, Zubairi akabaki juu ya tuta na viatu vyake. Wanawake wa vidimbwi vya jirani waliacha kazi, wakatazama. Mti ule ulikuwa umekaa pale miaka mingi na chumvi ilikuwa imeushika kwenye shina kwa unene wa mkono. Hanifah aliutikisa, ukakataa. Akautikisa tena. Zubairi alipiga hatua moja kutaka kusaidia, na mwanamke mmoja akamwambia kwa upole, "Hapana, baba." Akarudi nyuma. Mkewe aliuchimba kwa vidole hadi kidole kimoja kikachanika, na maji ya chumvi yakamwingia kwenye jeraha, akaendelea kuchimba mpaka mti ukang'oka.

"Mimi sitaki dimbwi yako," Yunia alimwambia alipoupokea. "Nataka pesa yangu tu. Ukileta, chukua mti yako."

"Najua, dada."

Wakipanda kilima kurudi nyumbani Zubairi alianza tena habari ya mizigo. Hanifah alimkatiza. "Nimekupa. Lakini usiniambie tena habari ya mbili."

 

Tairi zilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyelikana. Asubuhi ya mashindano, pale stesheni ya Kasese, watu walilizunguka lori la Zubairi wakazibonyeza kwa vidole gumba. Zilikuwa bado na vile vinywele vya mpira. Boneti hakuna aliyeifungua. Enid alikuwapo, akasema, "Mzee Zubairi, leo umependeza," na Zubairi akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Chumvi ilipimwa, magunia yakashonwa, Yafesi akaandika. Kwa kila lori alisoma uzito kwa sauti ile ile, hata kwa lori la Zubairi. Aliposhusha kalamu alimwambia, "Nenda salama," na Zubairi akatamani angemtukana.

Waliachiliwa saa mbili, lori moja baada ya jingine. Zubairi aliendesha mwenyewe, na Kathembo akakaa kando yake na madumu mawili ya maji miguuni. Hadi Kikorongo mambo yalikwenda vizuri kupita walivyotegemea. Lori lilishika barabara, vumbi lilikuwa nyuma yao, Umaru walishampita. Blasio walimkuta ameegesha, anatazama chini ya kamiyo yake na springi zake za Kongo. Zubairi alianza kuimba. Alikuwa wa pili, na mbele yake, mbali, aliliona vumbi la injini mpya ya Muniru.

"Punguza," Kathembo alisema. "Sindano imepanda."

"Kidogo tu. Tunamfikia."

"Hatumfikii. Punguza, mzee."

Angepunguza angemaliza wa pili. Wa pili alipewa shilingi mia tano, na mia tano pamoja na kahawa ya Enid ingetuliza moyo wa Yunia hata kama isingemaliza deni. Kathembo alimweleza hivyo hivyo, kwa maneno machache. Lakini Zubairi alifikiri juu ya tairi sita, na watu wa Kinyamaseke waliokwisha kujipanga barabarani mbele, na kile atakachosema kama tairi mpya zitapita pale mwendo wa kwenda sokoni. Akakanyaga mafuta.

Kabla ya daraja la Nyamugasani mvuke ulitoka chini ya boneti, mweupe, ukafunika kioo. Kisha ulisikika mlio mmoja mkavu ndani ya injini. Kathembo alizima mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu Zubairi alikuwa ameshika usukani tu.

Hedi ilikuwa imepasuka. Kathembo aliinama juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona jambo lililo wazi vile. "Basi," alisema.

Umaru alipita na kupiga honi. Kamiyo ya Blasio ilipita ikiyumba. Mwisho kabisa lilikuja lori la Erifazi, lile la pamba, polepole, na likasimama. Erifazi alishuka na dumu la maji.

"Wasibire," aliamkia kwa Lukonzo, kisha akageukia Kiswahili. "Chukua maji hii. Mimi niko nayo ingine."

"Endelea, Erifazi. Unapoteza wakati wako."

"Wakati gani? Mimi ni wa mwisho." Alilichungulia lile jeraha la injini, akatikisa kichwa. Hakusema lolote juu ya kura. Zubairi aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote siku ile, kwamba yule mtu alikuwa na haki ya kusema neno moja na hakulisema.

Mchana lori la Muniru lilirudi kutoka Bwera na kikombe kimefungwa mbele. Lilipofika pale, dereva wa Kampala alipunguza mwendo. Muniru alitoa kichwa dirishani, akazitazama tairi zilizotulia kando ya barabara.

"Pole, ssebo," alisema. "Tairi ni nzuri lakini."

 

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuzunguka kutafuta pesa. Duka la tairi lilikataa kuzirudisha, kisha likasema shilingi tisini kila moja, kisha sitini, kwa sababu zimekwisha kutembea. Enid aliyapeleka magunia thelathini yaliyobaki kwa lori jingine, akatuma pole. Hedi ya injini ilitoka ghali kuliko lori lenyewe. Zubairi alikwenda kwa Umaru, akaambiwa, "Ndugu yangu, cherehani bado sijairudisha." Alikwenda kwa shemeji, akakopeshwa kidogo. Alikwenda hata kwa Yafesi, akakaa ofisini mwake akizungumza habari ya mvua, akaondoka bila kuomba.

Mwishowe Muniru alinunua tairi zote sita kwa sabini kila moja. Alizinunua mbele ya watu, kwa ukarimu wa sauti kubwa. Kisha akamwuliza Zubairi, bila kejeli yoyote, kama anataka kazi, kwani dereva wa Kampala amerudi kwao. Zubairi alisema atafikiri. Jumatatu alikuwa kwenye usukani wa lori la Muniru, na magurudumu ya nyuma aliyatambua.

Hanifah alimpelekea Yunia zile mia nne na ishirini zikiwa zimefungwa katika leso. Yunia alizihesabu, akamwongezea wiki mbili baada ya mwezi kuandama, na ilikuwa hisani kubwa. Wiki mbili zilipokwisha alimrudishia mia nne na ishirini zake, maana alisema hawezi kula pesa na kidimbwi pia, akauchukua ule mti na kuuchoma moto jikoni. Hivyo ndivyo wanavyofanya, ili mtu asije akadai baadaye. Pesa ile ililipa unga na deni la shemeji.

"Kama unataka kukwangua, njoo," Yunia alimwambia. "Nitakulipa kwa gunia, kama wengine."

Hanifah alikwenda. Wanawake wenzake walimwachia nafasi bila kumwangalia usoni, naye akasimama katika maji yale yale, akiwa na ubao ule ule, akihesabiwa magunia jioni. Aminah aliposwa mwezi wa tisa. Alikwenda kwa mumewe na mkeka, sufuria tatu na sanduku la bati. Wakwe waliuliza habari ya kidimbwi mara moja, kwa adabu, na hawakuuliza tena.

 

Desemba kamati ilikutana tena katika ghala la Muniru. Mwaka ule kulikuwa na habari mpya. Tajiri mmoja wa Fort Portal alikuwa ameandika barua kwamba anataka kuingiza timu, na ilisemekana ameshatenga shilingi elfu kumi na lori jipya lisilowahi kubeba hata gunia moja. Muniru alisimama na barua ile mkononi.

"Huyu mtu anataka kununua mashindano yetu," alisema. "Hii siyo haki. Mimi naleta pendekezo. Tuweke kipimo. Kila timu shilingi mia nne."

Yafesi aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Ni kweli," Blasio alisema. "Mutu mukubwa asimeze badogo. Tupime."

"Anayetaka kipimo asimame," Yafesi alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Muniru alikuwa ameshasimama. Blasio alisimama, Umaru na Erifazi wakasimama. Na nyuma kabisa, karibu na mlango walipokaa madereva, Zubairi alisimama. Sidhani alikusudia. Alikuwa na funguo za lori la Muniru mkononi na kofia kwapani, na alisimama wima kabisa, kifua mbele, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Watu waligeuka. Mmoja alianza kucheka, akaacha.

Muniru alimtazama, na nadhani kweli alimhurumia, maana alisema kwa upole sana. "Kaa, Zubairi. Madereva hawapigi kura."

Zubairi alikaa. Yafesi aliandika wanne wanataka, hakuna anayepinga. Kisha akafunika kichupa cha wino.

 

Alifika Kabatoro jua likiwa bado juu ya kilima. Hanifah alikuwa amekaa mlangoni, anajipaka samli kwenye nyufa za miguu. Kulikuwa na sufuria ya viazi juu ya mafiga, na mchuzi wa samaki wa Kasenyi.

"Mkutano umekwisha mapema," alisema.

"Umekwisha."

"Wamesema nini juu ya mtu wa Fort Portal?"

"Wameweka kipimo." Zubairi alivua kofia, akatafuta mahali pa kuiweka. "Mia nne. Imepita."

Mkono wa Hanifah ulisimama juu ya kisigino.

"Wewe ulisimama?"

"Nilisimama."

"Wakasema nini?"

"Wakasema nikae."

Hanifah alimaliza mguu wa kwanza, akaanza wa pili. Kisha aliifunika samli, akafuta vidole kwenye kitenge, na kwa kiwiko akausogeza mkeka karibu na mafiga.

"Basi kaa, Baba Aminah," alisema. "Chakula inapoa."